Gari juu ya gari

Nilikuwa likizo nyumbani Sanya Juu, na badala ya kupumzika nimerudi mjini na kichwa kizito. Leo naomba tuzungumzie kitu ambacho tunakiona barabarani karibu kila wiki na wala hatugeuzi shingo: gari lililopandishwa juu ya gari jingine.

Kwa wasiopafahamu kwetu, ukitoka Moshi kwenda Arusha unafika Boma Ng'ombe, hapo unakata kulia na kuanza kuupanda uwanda wa Sanya, upepo na vumbi kwa kwenda mbele, mpaka Sanya Juu, makao makuu ya wilaya ya Siha. Ukiendelea mbele zaidi unakutana na Ngarenairobi na mashamba na misitu ya Kilimanjaro Magharibi. Kwa hiyo malori hayakosekani. Yanashuka na mbao, viazi, karoti. Yanapanda na saruji, mabati na bia. Na kati ya safari na safari dereva hakatai mzigo wowote utakaomwongezea chochote.

Sasa baba mdogo ana Corolla yake ya siku nyingi, giaboksi imekufa. Mafundi wa pale walishalifungua wakasema lipelekwe Moshi. Kuita breki dauni itoke Moshi ije Sanya Juu na kurudi ni hela ndefu. Akatokea mtu akasema kuna Fuso imeshusha saruji, inarudi Moshi tupu, dereva atabeba kwa nusu ya hiyo bei. Mzee akafurahi. Nani asingefurahi?

Mnajua gari linavyopakiwa kwenye Fuso huku kwetu? Hakuna winchi. Mnatafuta tuta la udongo kando ya barabara, Fuso inarudi kinyumenyume mpaka mkia wake ugote kwenye tuta, mlango wa nyuma wa bodi unafunguliwa, zinawekwa mbao mbili nene, na vijana kama wanane wanasukuma huku wakiimba. Dakika kumi, kazi imekwisha. Kusema kweli inapendeza kuangalia.

Kilichofuata ndicho kilichonishtua. Dereva alivuta hendibreki ya Corolla, akaweka mawe mawili nyuma ya matairi, akapitisha kamba moja ya manila kwenye kile chuma cha kuvutia gari pale mbele, akaifunga kwenye bodi. Halafu utingo wake, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, akafungua mlango wa Corolla akaingia, akakaa kwenye usukani.

Nikauliza, "Kaka, dogo anakwenda kufanya nini humo?"

"Anashika breki."

"Mpaka Moshi?"

"Mpaka Moshi. Mwandishi, wewe panda mbele tuondoke, jua linazama."

Nikamwangalia dogo. Ameshaweka earphone masikioni, ametulia kama abiria wa ndege.

Wadau, mimi si injinia. Nilisoma mambo ya habari, hesabu tuliachana kidato cha nne. Lakini kazi ya gazeti imenisogeza karibu na ajali nyingi na mafundi wengi, na kuna vitu vichache ambavyo nimeelezwa mara nyingi mpaka vimenikaa. Corolla ina uzito wa tani moja hivi. Fuso ikifunga breki ghafla, ile Corolla haijui kwamba Fuso imesimama, yenyewe inataka kuendelea na safari. Vipimo vya ufungaji mizigo vinavyotumika Ulaya vinataka kamba na minyororo iweze kuzuia mbele nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na pembeni na nyuma asilimia 50. Kwa gari la tani moja hiyo ni sawa na kilo 800 zinazosukuma kuelekea kwenye kabini, alipokaa dereva na abiria wake. Kule Marekani kanuni zinataka gari dogo likibebwa lifungwe mbele na nyuma, siyo upande mmoja. Sisi tulikuwa na kamba moja ya manila, na hiyo ilikuwa inavuta kwenda mbele, yaani huko huko ambako gari lingetaka kwenda! Mawe nayo yako nyuma ya matairi. Kwa mbele hakukuwa na kitu.

Na mguu wa dogo? Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Breki ya gari dogo inasaidiwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, ukikanyaga mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na nguvu ya mguu wako inabaki kidogo sana. Hendibreki nayo inashika matairi ya nyuma tu. Halafu hata matairi yote manne yakishikwa sawasawa, yanateleza: chini ni bodi ya Fuso yenye unga wa saruji. Kwa hiyo dogo hashiki kitu chochote. Amekaa tu ndani ya mzigo. Mzigo ukienda mbele, anakwenda nao. Ukianguka pembeni, anaanguka nao kutoka juu, na tani moja ikiwa inamfuata.

Nikamwambia dereva kwa upole kwamba hatuondoki hivyo. Hapo mambo yakawa magumu. Dereva alinizidi miaka kama kumi na mitano. Baba mdogo ndiye mwenye gari na mwenye hela. Mimi ni mtoto wa juzi niliyekuja likizo. Mzee akaniita pembeni, "Mwanangu, hii ndiyo kazi yao, usiwafundishe." Vijana waliosukuma gari wakaanza kucheka, mmoja akasema wasomi bwana, wakiona kamba wanaona kitanzi.

Nikamjibu mzee, "Baba, shida yangu siyo gari. Gari likianguka tutanunua jingine. Huyu mtoto ana mama yake huko Ngarenairobi." Akanyamaza kidogo, halafu akasema haya, tafuta hicho unachotaka, lakini nakupa saa moja.

Bahati ya Sanya Juu ni mbao. Malori ya magogo na mbao kutoka Kilimanjaro Magharibi yanatembea na minyororo, na madereva wake wanajua kufunga mzigo, maana gogo halina utani. Nikamkuta mzee mmoja anakunywa chai, nikamwamkia, nikamweleza. Alicheka sana, lakini akanipa minyororo minne na vyuma vyake vya kukazia, nikamwachia hela kidogo ya dhamana. Akaja mwenyewe kutuonyesha. Kumbe hufungi bodi la gari. Gari lina springi na shokapu, kwenye kila shimo linacheza juu chini, kamba inalegea yenyewe. Unafunga magurudumu, au chini kwenye ekseli, ili springi zicheze zinavyotaka lakini matairi yasitoke pale yalipo. Miwili mbele, miwili nyuma, kila mmoja unavuta upande wake. Akaweka na mbao mbele ya matairi, akazipigilia misumari. Dakika ishirini. Dogo akashuka, akaja kukaa nasi kabini, amenuna kidogo, maana kwenye Corolla alikuwa na nafasi ya kulala!

Tukaondoka. Nikadhani vita imekwisha.

Kutoka Sanya Juu kwenda Boma Ng'ombe unashuka. Mteremko wenyewe si wa kutisha kama milima mingine ya nchi hii, lakini ni mrefu na barabara ni ya lami, inakaribisha mwendo. Tulipoacha nyumba za mwisho nikaona mkono wa dereva unakwenda kwenye gia, Fuso ikanyamaza. Nyutro. Wadau wengi mnaijua hiyo. Lori zima, na gari mgongoni, linateremka kama toroli la mtoto.

Nikamuuliza kwa nini. Hakukasirika, alinieleza vizuri kabisa, na naona maelezo yake ni muhimu kuliko mahubiri yangu yote. Bosi anampa hela ya dizeli kwa safari, kiasi kile kile kila mara. Kinachobaki ni chake. Mshahara hautoshi, na hata huo mara nyingine unachelewa. Kwa hiyo kila mteremko kwake ni kama kibubu. Na mzigo kama wa baba mdogo bosi haujui kabisa, kwa hiyo hawezi kumwomba bosi hela ya minyororo ya kufungia mzigo ambao haupo. Utingo analipwa chakula na chochote. Kijana kukaa ndani ya gari ni bure. Mnyororo unauzwa.

Nilikaa kimya kama kilomita mbili. Maana mimi ndiye ninayeandika zile habari za kwenye kurasa za ndani: "chanzo cha ajali ni breki kufeli", "gari lilimshinda dereva likaacha njia na kupinduka". Tarehe 24 Februari 2024 pale Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha kwenye barabara ya Namanga, lori liliyagonga magari mengine na watu 25 wakafa, na taarifa zilisema lori lilifeli breki. Sijui dereva wa pale alikuwa ameweka gia gani, na sitamsingizia mtu. Ninachosema ni kwamba breki nyingi hazifeli kama balbu inavyoungua. Zinachoshwa. Ukiwa na gia namba mbili au tatu, injini yenyewe inalizuia gari. Ukiweka nyutro, breki zinabeba uzito wote peke yake, zinapata moto, na zikishapata moto unakanyaga na hazishiki. Wapo wanaozima kabisa na injini. Hao pampu ya upepo wa breki haizunguki tena na usukani unakuwa mzito. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki zishike unaongezeka mara nne, siyo mara mbili. Ndiyo maana sheria imeweka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi na 80 kwa magari mazito, ingawa kwa madereva wetu hiyo ni habari ya tochi tu: wanapigiana taa, wanapunguza, wakishampita trafiki wanarudia.

Halafu kichekesho ni kwamba hiyo dizeli yenyewe haiokolewi kama wanavyodhani. Ukiteremka na gia umeondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, yenyewe karibu hainywi kitu. Ukiweka nyutro inabidi inywe kidogo ili isizime. Nilimwambia hivyo. Akanitazama kama nimemwambia mlima Kilimanjaro uko Kenya. Lakini akarudisha gia, nadhani ili ninyamaze.

Ilikuwa heri. Mbele kidogo ng'ombe wa Wamasai walikuwa wanavuka, kundi kubwa, na mchungaji ni mtoto. Dereva akafunga breki, Fuso ikainamisha pua, na juu yetu tukasikia minyororo imekaza kwa mlio mmoja, ka! Basi. Corolla haikusogea. Dogo akageuka nyuma kupitia kile kidirisha cha kabini, akaangalia muda mrefu, kisha akavua earphone. Hakusema kitu, na sisi hatukumuuliza.

Najua kuna watakaosema hapa kwamba haya ni mambo ya kijijini, kwamba magari yanayotoka bandarini Dar es Salaam yanapakiwa kwenye malori maalumu ya ghorofa mbili na kufungwa mikanda kila gurudumu. Ni kweli, mengine yanabebwa hivyo. Lakini mengi yaendayo Zambia na Kongo yanaendeshwa barabarani moja moja, zile tunazoziita IT, na dereva wake naye analipwa kwa safari, naye anaokoteza abiria kinyume cha sheria ili kibaki chochote mfukoni. Mimi naona ni hesabu ile ile ya Fuso ya Sanya Juu. Ukiwa na mtu anayelipwa kwa kile atakachobakiza, atabakiza mpaka roho za watu.

Tulifika Moshi saa mbili usiku. Corolla ikashuka salama, baba mdogo akampigia dereva simu kumshukuru, mimi hakunishukuru na sikutegemea. Dereva akaniuliza minyororo ile inauzwa bei gani. Nilipomtajia alipiga mluzi.

Kesho yake nilipanda Noah kurudi Sanya Juu, minyororo ikiwa kwenye gunia, nikamrudishia mwenyewe na hela yangu nikachukua. Namba ya dogo ninayo. Alhamisi ya wiki hiyo walikuwa na Hilux mbovu ya kupandisha kutoka Moshi kwenda Ngarenairobi, nikampigia jioni kumuuliza walifungaje. Akasema walipata kamba mbili safari hii, na dereva alimnunulia soda.

Nikamuuliza, "Na wewe ulikaa wapi?"

"Si ndani ya Hilux, bro. Nani angeshika breki?"