Mwenye Timu: Choma, Singida, Milano

Choma, wilaya ya Igunga, ni nchi ya pamba na ng'ombe. Simba ikicheza na Yanga, kibanda umiza hufurika hadi nje, na kila aliyelipa kiingilio huzungumza kama mwenye timu. "Huyu kiungo hatumuuzi," aliniapia mzee mmoja baada ya kuitikia shikamoo yangu. Maneno yake niliyachukua kwa uzito, nikakumbuka mwenye timu wa aina nyingine.

Silvio Berlusconi alizaliwa Milano mwaka 1936, mwaka ambao Simba ilianzishwa Dar es Salaam. Alitajirika kwa majumba na televisheni, na mwaka 1986 akainunua AC Milan ikiwa hoi kwa madeni. Chini yake ilitwaa ubingwa wa Ulaya mara 5. Alipoingia siasa, chama chake alikiita Forza Italia, kelele za mashabiki wa timu ya taifa, na mwaka 1994 akawa waziri mkuu. Aprili 2017 akaiuza AC Milan kwa tajiri wa Kichina, ambaye mwaka uliofuata alishindwa kulipa deni na timu ikatwaliwa na waliomkopesha, kampuni ya Elliott ya Marekani. Shabiki wa Milano hakuulizwa, si mara ya kwanza wala ya pili.

Mwaka huohuo wa 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza Simba. Kwao ni Singida, ng'ambo ya mbuga ya Wembere na mlima Sekenke ukitokea huku, na amewahi kuwa mbunge wa Singida Mjini. Dau lilikuwa shilingi bilioni 20 kwa hisa asilimia 49. Wanachama wakabaki na 51. Fedha zina kazi yake: mwaka 2019 Simba ilicheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Lakini mimi nazithamini zaidi zile 51. Hata enzi za misafara wenyeji walikuwa na sauti: tajiri wa pwani aliyepita Unyamwezi na mizigo ya kitambaa cha merikani alimlipa mtemi kwanza hongo, yaani ushuru wa njia, na mtemi Mirambo alipigana kwa ajili ya haki hiyo.

Tabora mjini kuna habari nyingine. Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na huku ikaitwa Tabora United. Mwaka 2025 ikawa TRA United, timu ya Mamlaka ya Mapato. Mamlaka hiyo inaweza kulipa mishahara kwa wakati, na hilo si dogo. Iuze basi na kadi za uanachama, Igunga hadi Urambo, zenye haki ya kura jina litakapotaka kubadilishwa tena.