Titi Moja Limetangulia

Binti yangu ana miaka 14. Hapa Leicester alikataa kuogelea na wenzake shuleni kwa sababu titi lake la kushoto limetangulia. Nilimwambia langu la kulia ni kubwa hadi leo, na nimenyonyesha watoto watatu. Wakati wa kubalehe matiti hayakui kwa mwendo mmoja. Mara nyingi hukaribiana baadaye, ingawa si lazima yalingane. Tulinunua sidiria inayotosha titi kubwa, tukaweka sponji upande mdogo. Upasuaji upo, lakini kwa kawaida madaktari husubiri ukuaji ukamilike.

Ila mama mwenzangu, tofauti ikija ghafla ukubwani, au ukigusa uvimbe, usiseme ni maumbile. Muone daktari mapema. Ukiona haya, omba daktari mwanamke.