Arbitri na kaye ya wasupota



Kwetu kwenye nyumba ya kulala kuko kaye moja isiyo na somo lolote ndani. Ni ya wasupota wa Mazembe. Vijana wa mwaka wa ine wameandika humo majina ya waarbitri, na mbele ya kila jina: alishika filimbi mechi ngapi za Mazembe, tulishinda ngapi, tulipigwa ngapi. Wale wa Lupopo wana yao pia, lakini wanaificha. Ningecheka tu, kama hesabu hiyo haingeingia katika mashindano yetu ya madarasa. Wiki hii wa mwaka wa tano wamekuja kuniambia: "Yaya Kapita, yule mwalimu hatumutaki. Mara mbili alishika filimbi, mara mbili tulipigwa. Na tena iko mutu wa Lupopo!" Akishika filimbi ya finali, wamesema, hawaingii kiwanjani. Kupanga mechi ni kazi yangu. Basi nimeomba kaye, nimeisoma yote.

Jina moja limenishangaza: Nishimura, Mjapani. "Mechi 1, kupigwa 1", na msalaba mwekundu pembeni. Ni finali ya Kombe la Dunia la Vilabu, Abu Dhabi, tarehe 18 mwezi wa 12, 2010: Inter ya Milano 3, Mazembe 0. Sisi tulikuwa bado watoto wa kubebwa mgongoni, lakini nani hakusimuliwa? Mazembe walikuwa ekipi ya kwanza ya Afrika kufika pale. Siku ine mbele walipiga Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu na Kaluyituka, na Kidiaba akarukaruka kwa matako mbele ya dunia nzima. Halafu kwa finali Pandev alituingizia dakika ya 13, Eto'o dakika ya 17. Nishimura angefanya nini? Angemushika Eto'o mguu?

Mwaka ule ule wa 2010, katika Kombe la Dunia, Nishimura huyu alimtoa Felipe Melo kwa karti nyekundu, Brazil wakapigwa 2-1 na Uholanzi. Mwaka 2014, mechi ya kufungua, akawapa Brazil penaliti kwa sababu Fred alianguka, Wakroatia wakalia sana. Mbrazili mwenye kaye atamwita adui kwa ukurasa mmoja, rafiki kwa ukurasa wa pili. Na mutu ni mmoja.

Sisemi waarbitri wote ni safi, hapana. Wezi wako. Kule Ujerumani, mwezi wa 8, 2004, Hamburg wa divisheni ya kwanza walikuwa wanaongoza 2-0 mbele ya Paderborn, ekipi ya divisheni ya tatu. Arbitri Hoyzer akawapa Paderborn penaliti mbili, akamtoa Mpenza (ndiyo, Émile, yule Mbelgiji mwenye damu ya kwetu), mechi ikaisha 4-2. Kumbe alikuwa amekula feza za watu wanaoweka feza juu ya mechi. Nani alimvumbua? Si msupota na hesabu yake. Ni waarbitri wenzake wane, waliokwenda kwa chama mwezi wa kwanza, 2005, na kusema waliyoyajua. Alifungiwa maisha, na tribinali ikamhukumu miaka 2 na miezi 5.

Hapa jambo linakuwa gumu. Mmoja wa wale wane, Zwayer, naye chama kilimfungia miezi 6 kwa ajili ya euro 300 alizopokea, kilisema, kwa Hoyzer mwaka 2004. Kwamba aliharibu mechi, hapana, hawakuona. Mwezi wa 12, 2021, Dortmund walipigwa 3-2 na Bayern kwa penaliti yake, na Bellingham akalikumbusha jambo hilo mbele ya televizyoni. Akalipishwa amande ya euro 40.000. Kukumbuka si kosa, mimi naona hivyo. Lakini kutoka zile 300 mpaka penaliti ile kuko njia ya miaka 17, na hakuna aliyetuonyesha daraja.

Sasa mwalimu wetu. Mechi ya kwanza wa tano walipigwa 4-0, golkipa wao akiwa kitandani na malaria. Ya pili 1-0, goli la kichwa. Penaliti hakuna, karti hakuna. Nimewauliza: "Munionyeshe filimbi moja ya uongo." Wakanyamaza. Kisha mmoja akasema: "Lakini roho yetu haimutaki, Yaya. Na wewe uko wa mwaka wa sita." Neno hilo la mwisho ni kweli, na ndiyo sababu sikuamua peke yangu. Nilikwenda kwa mwalimu mwenyewe kumuuliza juu ya Lupopo. Alicheka: baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, angependa ekipi gani nyingine? Lakini siku ya posho Lupopo hawachezi.

Tumepatana hivi na madelege wa madarasa yote mawili: mwalimu atashika filimbi, wa tano watachagua mushika-bendera mmoja, wa sita mmoja. Saa tisa kamili. Kapita wa mwaka wa tano ameniambia atakaa pembeni ya mustari na Bic yake, aandike kila filimbi na dakika yake. Nimemupa karatasi.