Intamba mu Rugamba Kule Misri, na Ulimi Wetu

Ndugu wazazi, sisi walimu wa madrasa hapa Buyenzi ni mashabiki pia. Mwaka 2019 Burundi ilipokwenda Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, furaha yetu haikuwa na kifani. Vijana walifuzu bila kupoteza mechi hata moja: walishinda mbili, wakatoka sare nne.

Kule Misri, Nigeria walitufunga 1-0 dakika ya 77. Madagaska nao 1-0, dakika ya 76. Kwa hiyo ngome ilisimama vizuri. Upungufu ulikuwa mbele. Mechi tatu, hatukupata bao hata moja.

Mechi ya mwisho, dhidi ya Guinea, mchezaji wetu alipewa kadi nyekundu mapema, tukafungwa 2-0. Jioni ile, kwa hasira, tulimtukana kijana yule mbele ya televisheni. Kumbe mwanafunzi wetu wa miaka tisa alikuwa amekaa nyuma. Akauliza kwa upole: "Ustadhi, si ulitufundisha kuhifadhi ulimi?"

Tuliona haya. Tukasema astaghfirullah, tukamwomba radhi mtoto.

Tathmini yetu ni hii: wale vijana walicheza pungufu kwa zaidi ya saa nzima na hawakukata tamaa. Sisi tuliokaa kwenye mkeka tulishindwa kuvumilia dakika chache. Wazazi wenzetu, tushangilie, lakini watoto wanasikia.

Wabillahi tawfiq.