CPA wa mastaa: Dada aliyeacha ofisi Posta akaenda kuhesabu hela za shoo

Kuna watatu hapa mjini waliomaliza CPA kwenye mtihani mmoja wa Novemba, wakapiga picha pamoja, wakaposti na maneno yaleyale ya "Mungu ni mwema". Wa kwanza, kaka mmoja mpole, alituma maombi Ajira Portal mpaka akachoka, sasa hivi yuko serikalini Dodoma na maisha yanaenda. Wa pili alibaki kwenye kampuni ya ukaguzi, kazi ile ambayo Januari mpaka Machi ukimtumia mtu meseji asubuhi anakujibu saa sita usiku. Hao wawili hata mama zao wanaweza kuwaelezea kwenye kikao cha harusi.

Wa tatu ndiye mwenye stori.

Huyu dada naye alianzia kwenye ukaguzi, ofisi ya Posta yenye kiyoyozi kikali. Alikaa miaka 4. Ile miaka 3 ya uzoefu wanayoitaka NBAA kabla ya kumsajili mtu alikuwa ameshaimaliza, usajili anao, na bosi alikuwa anampenda. Kilichomtoa ni rafiki yake aliyekuwa anafanya kazi na msanii mmoja wa Bongo Fleva, akamwomba aje wikiendi "aangalie tu mahesabu". Alichokuta ni bahasha moja ya kaki, risiti za EFD zimefifia hazisomeki, na meneja anayekumbuka malipo kwa kutaja mikoa: Mwanza tulipewa hivi, Mbeya ile hela iliingia kwenye simu.

Sasa sikia hii, maana ina hela ndani yake. Promota anayelipa shoo kihalali anatakiwa kukata asilimia 5, kodi ya zuio, aipeleke TRA na ampe msanii cheti. Kile cheti kinaonyesha umeshalipa sehemu ya kodi yako ya mwaka. Bila cheti, ukikaa mezani na TRA unahesabiwa kama hujalipa kitu. Staa huyu, mwenye shoo kila kona, hakuwa na cheti hata kimoja! Dada alitumia miezi miwili kuwasumbua mapromota. Vingi akavipata. Wengine walianza kutopokea simu, na sababu unaweza kuikisia mwenyewe.

Akaacha kazi. Baba yake, mwalimu mstaafu, hakufoka, aliuliza swali moja tu: "Hiyo ofisi yenu mpya ina bima, mwanangu?" Haikuwa nayo.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Halafu staa akataka mkopo wa kujenga studio, benki ikataka hesabu zilizokaguliwa za miaka 3. Meneja akaja na wazo ambalo mjini watu wanaliona la kawaida kabisa: hesabu za benki mapato yapande, za TRA yashuke. Vitabu viwili, mtu mmoja. Yeye hakuwa mkaguzi wa kusaini ripoti, hiyo ni kazi ya CPA aliyesajiliwa kukagua umma na asiye mtu wa ndani. Yeye angeandaa tu, mwingine asaini.

"Kwa hiyo dada, jina lako halionekani popote," meneja akamwambia, kana kwamba hiyo ndiyo faraja.

Alikataa. Na sio kwamba alikuwa na pa kuegemea, maana zaidi ya nusu ya kipato chake kilitoka kwa staa huyo, na wiki ileile mwenye nyumba alikuwa anadai kodi ya miezi 6. Lakini bodi ikikufuta kwenye rejista, miaka yako yote ya kukesha na vitabu imekwenda, na hakuna shoo ya kuirudisha. Akaambiwa ana maringo ya wasomi. Saa nne usiku akatolewa kwenye grupu la WhatsApp.

Watu wengi wanaishia hapo kwenye kufikiria CPA: benki, serikali, ukaguzi, basi. Yeye alijikuta anafundisha jioni wanaojiandaa na mtihani, anaandaa hesabu za SACCOS moja, anampangia vitabu mwenye duka la vipodozi Sinza. Kisha akaja mchekeshaji mmoja, ambaye cha kushangaza alikuwa anatunza risiti zake kuliko kampuni kadhaa alizowahi kukagua. Mshahara wa Posta bado hajaufikia, na bima anajilipia mwenyewe.

Mwezi uliopita meneja alimtumia meseji, ya kwanza baada ya kimya cha miezi mitano: "Dada mambo. Vile vyeti vya zuio vya Mwanza na Mbeya unavyo?"

Anavyo. Vyote, kwenye faili, vimepangwa kwa tarehe. Alimjibu na bei mpya.