Kongoro na Ngano ya Ukinga

Wanaosimulia mwaka 1983 husimulia foleni. Hawasemi uongo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuiacha nchi imechoka, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hazipo, na duka la ushirika lilikuwa na rafu ndefu zisizo na kitu. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na unga wa ngano vilikuwa vitu vya kunong'onezana. Tulikula ugali wa unga wa njano kutoka Marekani, ule watu waliouita yanga. Lakini mimi nilikuwa binti wa shule ya msingi pale Makambako, na ninachokikumbuka kuliko foleni ni kwamba nyumbani kwetu, msimu mzima wa baridi, mkate wa moto na supu havikukosekana. Nataka jambo hilo nalo liandikwe.

Anayepita Makambako kwa basi mchana hawezi kuijua baridi yake. Inaanza Mei, mvua zikikatika, na Juni na Julai upepo unavuma usiku kucha, unapenya chini ya mlango na kwenye kila tundu la bati. Wasafiri wa treni ya TAZARA waliotoka Dar es Salaam na mashati mepesi walishuka stesheni wakitetemeka. Kwa hali ya hewa kama ile, ugali peke yake hautoshi.

Ngano ilitoka kwa bibi mzaa mama, Mkinga wa kule Makete, ambako watu walilima ngano na pareto milimani. Alituletea debe moja au mawili kwa lori, kila apatapo dereva mwema. Mashine ya kusaga ilikuwepo mtaani, ila dizeli ilikuwa ya kubahatisha, hivyo mama alilirudisha jiwe la kusagia ambalo lilikuwa limeachwa nyuma ya nyumba kama kigoda cha kufulia. Tulipepeta ngano kwenye ungo, tukaiosha, tukaianika mkekani, kisha jioni mimi na dada tulipiga magoti kwa zamu tukasaga. Kazi ile inauma mabega hadi shingoni. Unga wake ulikuwa wa rangi ya kahawia, na chekeche ilibakiza pumba kwa ajili ya kuku.

Hamira haikuwepo popote. Mama alitumia ulanzi, pombe ya mianzi. Mwishoni mwa msimu wa mvua, mianzi inapokaribia kuacha kutoa, alichukua ulanzi uliokwisha kuwa mkali, akauchanganya na unga kwenye bakuli, akafunika kwa kitambaa na kuuweka kando ya jiko. Asubuhi ulikuwa umejaa mapovu na unanukia uchachu. Baada ya hapo hakuhitaji ulanzi tena. Kila alipokanda mkate alimega donge la ngumi moja, akalifukia ndani ya kopo la unga, na donge hilo ndilo lililoumua mkate uliofuata. Lilitufikisha Septemba.

Supu ilikuwa ya kongoro. Miguu ya ng'ombe ilikuwa rahisi kuliko nyama, na baba aliipitia buchani Jumamosi. Tuliibabua motoni mpaka manyoya yaungue, tukaikwangua kwa kisu mpaka ngozi iwe ya manjano na safi, baba akaipasua kwa shoka. Ilikaa motoni tangu jioni, kwa kuni za miwati ambazo hazizimiki ovyo. Alfajiri mama aliengua mafuta yaliyoelea juu, na mafuta hayo ndiyo aliyoyakandia mkate, kwa kuwa ya dukani hayakuwepo. Ndipo akatia viazi mviringo, karoti, njegere kavu zilizolowekwa usiku, chumvi na pilipili nzima. Makaa ya moto uleule yaliokea mkate: sufuria kubwa yenye mchanga chini, sufuria ndogo ndani yake, na kipande cha bati juu chenye makaa mekundu. Hakuwa na saa. Aliugeuza mkate kwa kitambaa, akaugonga kitakoni kwa vidole, na ukitoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani, umeiva.

Sasa, mkate unanukia, na mwaka ule harufu ya mkate ilikuwa jambo la hatari. Tangu Machi, Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ameanzisha msako wa wahujumu uchumi. Redio ilitangaza waliokamatwa, na tulisikia habari za watu wanaotupa mabunda ya vitambaa na sabuni vichakani usiku ili wasikutwe navyo. Jumapili moja ya Julai, balozi wa nyumba kumi akabisha hodi, nyuma yake mgambo mwenye rungu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Karibuni ndani, huko nje upepo."

Hawakukaa. Balozi alitazama chini, kwa maana alikuwa mtu tuliyesali naye. "Mama, watu wanasema kwako mkate hauishi. Unga mnautoa wapi?"

Mama hakujibu kwa maneno. Alimwambia dada alete debe la ngano, akamwonyesha mgambo jiwe, akaniita mimi: "Mwanangu, piga magoti usage, kina baba waone." Nikasaga. Mikono ilinitetemeka na ngano ikanitoroka pembeni, lakini unga ukatoka, uleule wa kahawia uliokuwa kwenye kopo. Mgambo aliinama akauchota kwa vidole viwili, akaunusa. Alikuwa kijana tu, midomo imepasuka kwa baridi.

"Hata kwetu bibi alikuwa nalo jiwe," alisema.

Mama akawamiminia supu kwenye mabakuli ya bati na kuwakatia mkate. Rungu liliegeshwa ukutani. Walikula wakichovya, jasho likawatoka puani, na balozi akaomba ampelekee mkewe kipande. Wiki iliyofuata mkewe alikuja mwenyewe kuomba donge, na baada yake jirani wa pili. Kufikia Agosti, mtaani kwetu nyumba kadhaa zilikuwa zinaoka kutoka chachu ya bakuli moja.

Naumia ninapowasikia vijana wakielezwa kwamba miaka ile watu walikaa tu wakisubiri mgao. Wanawake wa nyanda za juu walijua kusaga, kuumua, kuoka bila tanuri na kuchemsha mifupa mpaka itoe kila kilichomo, na ujuzi huo haukuandikwa katika kumbukumbu yoyote ya dhiki niliyowahi kusoma.

Biashara ilipofunguliwa na Mzee Mwinyi, akiwa rais, akasema ruksa, unga mweupe ulirudi madukani na donge la mama likaachwa likauke. Mama sasa hana nguvu ya kukanda. Ndugu zetu wa Makete wamegeukia zaidi viazi, ila bado yupo binamu anayelima ngano kidogo, naye huniletea debe kila Juni. Nasaga mashineni, naoka kwa makaa juu na chini, na mama bado ndiye anayeugonga mkate kusema kama umeiva.