Yule baba mwenye gundi

Leo siasa tuiweke pembeni. Kuna sinema ya watoto imenikaa kichwani wiki nzima, na mimi wala si mtu wa katuni. Inaitwa The LEGO Movie, ilitoka mwaka 2014, na wahusika wake ni vile vijitu na vitofali vya plastiki vya kampuni ya LEGO ya Denmark. Tusidanganyane: ni tangazo la biashara la saa moja na dakika arobaini, na watu duniani wamelilipia kiingilio cha zaidi ya dola milioni 460. Mwenye duka anakuuzia tiketi ya kwenda kutazama bidhaa zake!

Hilo la watoto wa Ulaya na Marekani kuipenda halinishangazi, maana vitofali wanavyo nyumbani. Kinachonishangaza ni watoto wa hapa Mlandege, Iringa, ambao hawajawahi kukishika hata kimoja.

Niliitazama kwa dada yangu, ninakoishi tangu gazeti linilete huku, si mbali na stendi yanapopakia mabasi ya Tungamalenga. Julai hiyo, baridi kama mnavyoijua, mlango umefungwa, watoto watatu wa nyumbani na wanne wa jirani wamebanana kwenye zulia. Sinema iko kwenye flashi na ni Kiingereza kitupu, kwa hiyo nikapewa kazi ya Lufufu, yule aliyekuwa akitutafsiria sinema za kigeni kwenye mabanda ya video. (Wadau, ile kazi muiheshimu. Ukimaliza kutafsiri utani mmoja, wenzako huko wameshacheka mara tatu.)

Swali la kwanza likaja kabla hata hatujafika mbali. “Anko, hawa watu wametengenezwa na nini?” Nikasema ni matofali madogo ya plastiki, yanashikana, unajenga unachotaka, unabomoa, unajenga tena. Mmoja wa jirani akauliza, “Kama yale ya kiberiti?”

Kama ulikulia Masaki huenda hujui anachosema. Unachukua boksi tupu la kiberiti, unalijaza udongo mbichi, unaugeuza juani, tayari tofali. Ukipata mia unajenga nyumba. Mvua ikinyesha nyumba inarudi udongo na kesho unaanza upya. Hapo nikajua sina haja ya kueleza zaidi.

Hadithi yenyewe ni ya Emmet, fundi ujenzi anayefuata kijitabu cha maelekezo kwa kila jambo, mpaka namna ya kuamka asubuhi. Juu yake kuna tajiri anayetawala kila kitu na anayetaka kuigandisha dunia nzima kwa gundi, ili kila kitu kikae alivyokipanga na kisiguswe tena. Wanaompinga ni mafundi wasiotumia kijitabu. Kuna mahali msichana anakimbizwa na askari, anaingia uchochoroni, anaokota makorokoro yaliyopo, na ghafla ameunda pikipiki na kuondoka nayo. Sebule nzima ililipuka kwa kelele. Sikutafsiri neno. Hawa ni watoto wanaotengeneza gari kwa dumu la mafuta ya kula, magurudumu wamekata kwenye ndala zilizoisha, na mti mrefu wa kusukumia.

LEGO yenyewe ilianza hivyo hivyo. Ole Kirk Kristiansen alikuwa seremala wa kijiji cha Billund. Kazi za ujenzi zilipopungua wakati wa mdororo wa uchumi, mwaka 1932 akaanza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao. Tofali la plastiki la aina tunayoijua lilisajiliwa na mwanaye mwaka 1958, na la mwaka ule linashikana na la leo. Wamepiga hesabu kwamba matofali sita tu ya rangi moja, yale yenye vinundu vinane, yanaweza kupangwa kwa njia 915,103,765. Sita tu! Hata waliochora sinema, kampuni ya Animal Logic ya Sydney, waliipa plastiki yao ya kwenye kompyuta mikwaruzo na alama za vidole, ionekane imechezewa. Nadhani macho ya mtoto yanaliona hilo bila kuambiwa.

Linganisha na Toy Story ya mwaka 1995, ambayo nayo naipenda. Mle ndani mtoto mbaya ni Sid, anayevunja vitu vya kuchezea na kuunganisha kichwa cha hiki na miguu ya kile. Sijawahi kumwelewa yule aliyeamua Sid awe adui. Ukimleta Mlandege, jioni watoto wote wako nyuma yake, na mama mmoja atampelekea redio mbovu aiangalie.

Sasa, kama hujaitazama na unataka kuitazama, ruka aya tatu zinazofuata.

Mwishoni sinema inatoka kwenye katuni na kuingia kwenye watu wa kweli. Tunagundua yote yalikuwa mchezo wa mtoto kwenye chumba cha chini cha nyumba yao, na mji ule wa matofali ni wa baba yake. Baba amekataza visiguswe. Mtoto anamkumbusha kwamba boksi lenyewe limeandikwa ni la umri wa miaka 8 hadi 14. Baba anajibu kwamba hayo ni mapendekezo tu. Mkononi ana gundi. Yule tajiri wa kwenye katuni ni yeye, na sauti ni ya mwigizaji huyo huyo, Will Ferrell.

Sebule ikanyamaza. Shemeji yangu alikuwa ameingia kimya kimya na kukaa kwenye mkono wa kochi. Yeye ni dereva wa lori, Mhehe wa Kilolo. Juu ya kabati la vyombo pale sebuleni, kwenye kitambaa cha kufuma, kuna gari la rimoti alilomnunulia mwanaye wa kwanza Kariakoo. Mtoto ana miaka minane, gari lina miaka mitatu. Hushushwa Krismasi, hukimbizwa zuliani kama dakika kumi, kisha hufutwa na kurudishwa ndani ya boksi lake. Hakuna aliyeangalia kabatini. Yaani kila mtu alijitahidi asiangalie.

Baadaye, watoto wamelala, nikamchokoza. Akacheka, halafu akasema, “Shemeji, mimi gari la dukani nimelishika mara ya kwanza siku nalinunua lile. Sasa unataka livunjwe kwa siku mbili?” Sikuwa na jibu. Msimwone mkatili. Yule baba wa Kizungu naye hana roho mbaya, na nadhani nguvu ya sinema iko hapo: gundi haikushikwa na jambazi, imeshikwa na mtu anayekipenda kitu kuliko mtoto anavyokipenda, pengine kwa sababu kilimchelewea. Sinema za familia nyingi humpa mzazi kazi ya kulipa kiingilio tu. Hii imempa kesi, na imemsikiliza.

Mpaka naandika haya gari bado liko juu ya kabati. Mwenyewe anaendesha la dumu, ambalo wiki iliyopita limeongezewa tela.

Kampuni nayo ina vichekesho vyake. Inatoa sinema inayotuambia tutupe vijitabu, kisha dukani kila boksi lina kijitabu, na bei ambayo ukiibadili kwa shilingi unalirudisha rafuni polepole.

Anayeitaka aje na flashi. Iliyopo ni ile ya 2014; ya pili, ya 2019, ni ugomvi wa kaka na dada na sikuipenda sana, ingawa watoto wameniambia sijui kitu.